Alisema "Ana", Hakusema "Ina"

Kitu kisichofunguka sikipendi. Simu za siku hizi zimegandishwa kwa gundi pande zote, betri imefukiwa ndani, na mwenye nayo anaringia wembamba wake mbele za watu. Nina karakana yangu Moshi, na zikiletwa nazipasha joto, nazichokonoa pembeni kwa kadi ya plastiki, huku nikiwasema waliozitengeneza kwa maneno ambayo mchungaji wangu asingependa kuyasikia. Zamani simu ukiidondosha ilitawanyika, unaokota mfuniko, unaokota betri, unaunganisha, maisha yanaendelea. Kompyuta nayo ilikuwa sanduku lenye skrubu chache nyuma; ukizilegeza unaona kila kitu, feni, waya, na vumbi la mji mzima. Kwa sababu ya mambo haya hata msibani watu hawaniachi. Mwezi uliopita tulipomzika shangazi Naelijwa kule Suji, nilikuwa bado nina udongo wa kaburi viatuni vijana wa ukoo waliponizunguka jikoni na simu zao, maana kwao shangazi ni mimi. Shangazi, kamera hii unaionaje? Shangazi, ninunue hii au ile inayojaa chaji haraka? Binti mmoja wa kaka yangu akaninyooshea yake kwa huruma, akasema, "Yangu ina virusi, inajifungulia matangazo yenyewe." Nikaanza kucheka. Nilicheka nimeshika sahani ya makande mpaka mama mmoja wa kwaya akanitupia jicho, nami nikatoka nje, nikaegemea ukuta, na kicheko kikageuka kilio. Walidhani ni uchungu wa msiba, na hawakukosea sana.

Nani alimzaa nani, na kwa nini mimi nikakae kwa shangazi badala ya nyumbani, nitayaacha. Kila ukoo una maelezo yake na yote yanafanana. Itoshe tu kwamba mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeteremka kutoka Suji kuja Same mjini kwa shangazi huyo Naelijwa, dada wa baba yangu, mjane asiye na mtoto, fundi cherehani sokoni. Makubaliano yalikuwa wazi: nikifaulu, shangazi atanipeleka chuo cha ufundi Arusha nikasomee elektroniki. Aliyasema mbele ya baba, tena amesimama. Sikutaka kitu kingine duniani. Wasichana wenzangu walitaka kusuka na kuchumbiwa. Mimi nilitaka kujua kwa nini redio ikipigwa kofi inaanza kusema tena. Nilifaulu, nafasi ya chuo nikaipata, na kilichobaki kilikuwa kungoja muhula ufunguliwe. Ndani ya kungoja huko ndiko nilikofungiwa, na mpaka leo nikisikia kufuli linabanwa upande wa nje wa mlango wowote, hata wa choo cha stendi, natafuta kwanza skrubu ziko upande gani.

Lakini kwanza palikuwa na furaha, na furaha hiyo ilikuwa chumba kimoja karibu na barabara kuu, kinachoitwa steshenari, ingawa karatasi zilikuwa kisingizio tu. Mwenyewe alikuwa kaka Mbwambo, kijana wa Vudee, mwembamba, mwenye kucha ndefu ya kidole kidogo aliyoitumia kufungulia skrubu. Alikuwa na kompyuta nne zilizonunuliwa kuukuu, monita zake za chogo nyuma zimejaa meza nzima, na kazi yetu ilikuwa kuchapa barua za watu, kutoa nakala na kuchoma nyimbo za kwaya kwenye sidii. Upepo wa Same ulituletea vumbi bila kupumzika. Kila wiki nilifungua mashine zote na kuzipangusa kwa brashi ya kupakia rangi, na nilikuwa nasikia raha ambayo sijawahi kuisikia kanisani, Mungu anisamehe. Jioni wateja wakiisha tuliziunganisha mbili kwa waya tukashindana gemu la magari, vidole vinne tu kwenye kibodi, na Mbwambo alikuwa akishindwa anasema kibodi yake ina kitufe kinachoganda. Niliikagua. Haikuwa na kitufe kinachoganda.

Sasa, kulikuwa na hili la majina. Mashine zote nne zilifanana, na wateja walikuwa wanatuchanganya: faili langu lipo kwenye ile, hapana, ile nyingine. Mtu mwingine angezibandika namba. Mbwambo hakutaka. Kwetu mtoto hapewi jina hewani, anapewa la babu au la bibi, awe na mtu wa kumfuata, na Mbwambo akaamua kwamba kila mashine itarithi jina la mtu wa kwanza aliyeifungua ikiwa imekufa ikaamka. Moja ikaitwa Elinami, kwa jina la rafiki yake fundi wa Moshi. Moja ikaitwa Mzee Yona, kwa jina la baba yake, ambaye aliipiga teke kwa bahati mbaya ikawaka. Moja akaipa jina lake mwenyewe. Ya nne ilikuwa imelala muda mrefu pembeni imefunikwa gunia. Nikaifungua, nikaikuta RAM, kile kibao cha kumbukumbu, imelegea, nikayasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, nikairudisha, ikalia mlio wake mmoja mfupi wa uzima. Mbwambo akapiga makofi. "Huyo ni wajina wako," akasema, na kuanzia siku hiyo mashine ile ikawa Namkunda, kama mimi. Na kitu kikishapewa jina la mtu, Kiswahili nacho kinabadilika mdomoni. Huwezi kusema Mzee Yona imegoma; adabu haikuruhusu. Tulisema Mzee Yona amegoma kuamka, Elinami ana joto leo mfungulieni dirisha, Namkunda anachelewa kufikiri. Hatukuona ajabu yoyote. Mtu mgeni akipita dirishani angedhani tunaishi mle na wagonjwa.

Mtu mgeni alipita, na alikuwa shangazi. Maneno aliyoyasikia nilikuja kuyajua baadaye, ila nitayaweka hapa mahali pake, ili msomaji asihangaike kama nilivyohangaika mimi. Siku hiyo nilikuwa nimetumwa karatasi dukani. Shangazi alitoka sokoni kuniletea makande kwenye bakuli lenye mfuniko, akafika kwenye ukuta wa mbao laini uliotenganisha duka letu na uchochoro, na ndani Mbwambo alikuwa anaongea na simu, anamweleza Elinami wa Moshi matatizo yake kwa sauti ya mtu anayedhani simu ni bomba. "Namkunda ana virusi," alisema. "Ndiyo, nina hakika, nimempima mwenyewe. Amevipata kwa yule karani, si unamjua, anachomeka kila mahali bila kinga. Kwa nje ukimwona ni mzima kabisa, lakini ndani kumeoza. Tafadhali usimtangaze, wateja watanikimbia." Alikuwa anazungumzia flashi ya karani mmoja aliyekuja kuchapa nyaraka zake. Shangazi hakujua flashi ni nini. Aligeuka na bakuli lake, na jioni nikayakuta makande yale nyumbani, hayajaguswa, nikashangaa yamefikaje pale.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa navaa viatu aliponiambia, "Kwa Mbwambo hutakwenda tena." Nikamuuliza kwa nini. "Nimesema." Alitoka kwenda sokoni, na kwa mara ya kwanza nikasikia kufuli likibanwa kwenye geti la nondo la kibaraza. Nilikwenda nikashika nondo, nikamwita. Aligeuka, macho yamevimba, akasema, "Vibaka wamezidi, mwanangu. Pumzika." Sikuwa nimechoka. Nilidhani amesikia habari za gemu, kwamba mtoto aliyekabidhiwa anashinda na mwanaume anaendesha magari ya uongo, na kwamba adhabu itaisha baada ya siku chache. Siku hazikuisha. Nyumba ilikuwa vyumba viwili na sebule, makochi ya sponji yenye vitambaa vya kufuma, kabati la vyombo visivyotumika, na dirisha moja lililotazama mlima. Kule juu, nyuma ya mawingu, ndiko Suji, kuna baridi na migomba na mama yangu. Huku chini joto la bati, vumbi, na mimi. Nilisimama pale dirishani mpaka nikajua mawingu yanashuka kutoka upande gani. Nilifikiri nitapata wazimu.

Adhabu yenyewe ilikuwa ya ajabu, kwa sababu sijawahi kulishwa vile maishani. Mama mmoja wa Kimasai aliyetoka bondeni na kibuyu alianza kutuletea maziwa kila asubuhi, anayapitisha kati ya nondo. Yakaja mayai, yakaja maini, ukaja uji wa ulezi mzito. Shangazi, aliyekuwa mkali wa kila mtu na kikombe chake, akaanza kunywa chai kwenye kikombe changu nikiwa sijamaliza. Ugali tulikuwa tunakula sahani moja. Kufua alinikataza, maji alinikataza kubeba, na kila baada ya uji alinipa nusu ya kidonge, amekikata kwa wembe wa kazini kwake wa kufumulia nyuzi. "Cha kuongeza damu," alisema. Nusu ya pili aliifunga kwenye kitambaa akaondoka nayo. Kidonge kile kilinichafua tumbo na kuniletea ndoto mbaya, lakini kwetu mkubwa akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili. Niliomba redio, akaniachia, nikaifumua yote mezani na kuiunganisha tena, kisha nikaifumua tena. Jioni akirudi alinipa simu yake ndogo ya vitufe nicheze gemu la nyoka, na nikacheza mpaka nyoka wangu alipojaza kioo kizima, mrefu hivi kwamba hakuna pa kugeukia isipokuwa kwenye mkia wake. Leo watu wananiuliza ni gemu gani bora nililowahi kucheza, wanatarajia nitaje kitu chenye picha za kung'aa na miwani ya kuvaa usoni. Nawajibu nyoka. Hawajui kwamba nilikuwa nalia nikicheza.

Mbwambo alikuja mara moja. Nilisikia sauti yake nikiwa chumbani, anauliza kwa upole kama kuna tatizo, na nikasikia shangazi anamjibu, "Hayupo, amepanda kwao Suji." Nilitaka kupiga kelele. Sikupiga. Hilo ndilo jambo ambalo wanangu hawalielewi ninapowasimulia: chini ya kitanda, kwenye mkoba wangu, nilikuwa na bisibisi ya nyota, na geti lile lilishikiliwa na bawaba ambazo skrubu zake zilikuwa upande wa ndani. Niliziona siku ya kwanza kabisa. Jicho langu huona skrubu kabla ya kuona kitu kingine. Lakini binti aliyelelewa Suji halegezi geti la shangazi yake. Anakaa, anangoja aambiwe. Kufuli lilikuwa la mapambo tu.

Kilichonivunja ni maneno niliyoyasikia Jumapili moja baada ya ibada. Mama Anaeli, mwenzake wa kwaya, alisimama kibarazani kuaga, nami nilikuwa nyuma ya pazia.

"Na Namkunda mbona haonekani? Sauti ya tatu imepwaya."

"Ana kifua," shangazi alijibu.

"Pole yake. Na chuo si kinafunguliwa karibuni?"

"Mwaka huu hapana. Nimeshawaambia kwao. Mwaka huu apumzike tu, mambo ya Arusha tumeyaacha."

Tumeyaacha. Mimi na nani? Nilitoka nyuma ya pazia kabla hata mama Anaeli hajafika barabarani, na sikumsalimia. Nilimwambia shangazi kwamba kama nimekosa anichape, anirudishe mlimani, anifanye anavyotaka, lakini chuo aliniahidi mbele ya baba na sitaki kuzeeka nimekaa kwenye kochi nakula maini. Sikuwa nimewahi kumwinulia mkubwa sauti. Nilingoja kofi. Yeye akakaa chini, akanivuta nikae, akanishika mkono.

"Mwanangu, mimi najua," akasema. "Usijisumbue kunificha. Nilisikia kwa masikio yangu, Mbwambo anamwambia mwenzake una virusi. Umevipata kwa karani. Sikulaumu. Hata siku moja sitakulaumu."

Nilimtazama, nikamwelewa, na nikacheka. Ni kicheko kilekile kilichonishika msibani juzi. Nilicheka mpaka nikatelemka kwenye kochi, nikasema, "Shangazi, ni kompyuta! Ni mashine ile! Inaitwa Namkunda!" Nikamweleza gunia, RAM, kifutio cha penseli, flashi ya karani. Kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyozidi kunihurumia. Aliniacha nimalize. Kisha akasema polepole, kama mwalimu wa darasa la kwanza:

"Namkunda. Mimi sikusoma sana, nyumbani nasema Kipare, lakini Kiswahili nakijua. Mashine ina. Mtu ana. Mbwambo alisema *ana*. Hakusema *ina*. Alisema amevipata, alisema amempima. Mashine inapimwa wapi, mwanangu? Mashine inaambukizwa na karani?"

 Nimefanya kazi na mashine zaidi ya nusu ya maisha yangu, nimewaeleza watu wa kila aina mambo magumu kuliko hayo, na sijawahi tena kukutana na hoja iliyonifunga mdomo vile. Kila alichosema kilikuwa sahihi. Nilimwambia basi twende kwa Mbwambo akamuulize mwenyewe. "Nikamuulize mwanaume wa watu habari za damu yako, barabarani?" Basi twende kupima. Hapo uso wake ukabadilika, akasimama ghafla akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. "Kule hatuendi," akasema. "Watu wa Same wana macho. Ukionekana kwenye foleni ile mara moja, umekwisha." Nilidhani anaogopa kwa ajili yangu. Miaka ile neno lenyewe halikutajwa kwa sauti. Watu walisema umeme, walisema ngoma, walisema kile kitu. Mtu akikonda tu, vikombe vyake vinatengwa.

Kesho yake, shangazi alipokwenda sokoni, nilitoa bisibisi. Nilitazama nyuma kana kwamba naiba. Nilizilegeza skrubu za bawaba moja baada ya nyingine, nikaliinua geti likiwa bado na kufuli lake upande wa pili, nikapita, nikaliegemeza mahali pake. Jua la Same lilinipiga usoni na nikasimama barabarani kama mtu aliyesahau kutembea. Kituo cha kupima kilikuwa nyuma ya majengo ya zahanati, benchi moja ndefu, kila aliyekaa anatazama vidole vya miguu yake. Muuguzi alikuwa mama wa makamo aliyezungumza nami kama mtu mzima. Aliniuliza maswali ambayo nilijibu nikitazama ukuta, akanitoa damu, akanirudisha benchi, akaniita tena, akaniambia sina. Nikamwambia najua. Akatabasamu, akauliza kama kuna dawa yoyote ninayotumia, na nikachomoa mfukoni nusu ya kidonge cha asubuhi ile. Nilikuwa sijaimeza, ilikuwa mara yangu ya kwanza kudanganya kumeza.

Tabasamu likaondoka. Aliigeuzageuza ile nusu kiganjani, akafunga mlango. "Hii anakupa nani?"

"Shangazi yangu. Anasema inaongeza damu."

"Sikiliza, binti. Dawa hii haiuzwi dukani. Anapewa mtu aliyepimwa hapa akakutwa navyo, inamrefushia maisha, na anapewa inayomtosha yeye tu." Akanirudishia ile nusu. "Anayekupa nusu, anakula nusu. Wewe inakuumiza bure, na yeye haimsaidii kitu. Mwambie aache. Leo, si kesho."

Sikumbuki nilivyorudi. Nakumbuka nikiwa ndani ya geti, nimepiga magoti, nakaza skrubu za bawaba mpaka zikaisha kuzunguka. Hakuna aliyenilazimisha kurudi ndani, ningeweza kupanda gari la Suji, ningeweza kwenda kwa Mbwambo. Nilijifungia mwenyewe kwa sababu sikutaka shangazi akute geti limelegea akajua nimejua, kabla sijajua nitasema nini. Nilikaa kwenye kochi. Vitu vyote vilinigeukia: kikombe kimoja, sahani moja, macho yaliyovimba, mume wake aliyefariki kwa kile tulichoambiwa ni kifua. Nilikuwa nimemwonea hasira wiki baada ya wiki, na hasira ilikuwa bado ipo, haikutoka. Ila sasa ilikuwa haina pa kukaa. Habari hii naiandika leo kwa sababu aliniruhusu mwenyewe, mwaka juzi, akiwa mzee wa kutembelea mkongojo, dawa zimemweka duniani muda mrefu kuliko wengi waliomzika moyoni mapema. Aliniambia, "Nikishakufa waambie, mimi sitakuwepo kuziona sura zao." Lakini alasiri ile nilidhani anakufa karibuni, na kwamba mimi ndiye ninayemlia uhai wake.

Alirudi kutoka sokoni, akafungua kufuli, akaingia na maini yamefungwa kwenye gazeti. "Shikamoo shangazi," nikasema. "Marahaba mwanangu." Nikamwambia nimetoka, nimepima, sina. Aliweka maini mezani bila kuuliza nimepitaje. "Huna," akasema. "Sina, shangazi." "Hata kidogo?" "Hata kidogo. Nilikuwa sina toka mwanzo." Nikaitoa ile nusu ya kidonge, nikaiweka juu ya gazeti, kati yetu.  Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi ya furaha, kwa Haleluya, kwa ubishi mwingine wa ana na ina. Shangazi alikaa kwenye kochi, akavua viatu, akasema kwa sauti ndogo:

"Basi nimebaki peke yangu."

Kisha yakatoka yote, kwa Kipare, haraka, hanitazami. Kwamba aliposikia yale maneno uchochoroni alilia njia nzima na lile bakuli. Na kwamba usiku ule, baada ya kulia, moyo wake ulitulia, kwa mara ya kwanza tangu azike mume wake, kwa sababu ndani ya nyumba hii watakuwa wawili. Alinitafutia dawa na hakuthubutu kunipeleka kupima, kule wanakomjua, ndipo akaikata yake. Geti alilifunga wasinione. "Na usiniache," aliongeza. "Hilo pia. Nilijua ukienda Arusha utafia kwa watu, na mimi nitafia hapa. Nikaona bora tukae." Nilimwambia alikuwa ananiua na kujiua. Nilimwambia kwa ukali, na nilikuwa nimemshika miguu nikisema hivyo. Tulilia hapo mpaka maini yakaanza kuvutia nzi. Mwishowe akapangusa uso kwa upindo wa khanga, akaniuliza, "Na huyo wajina wako, vyake vilitoka?"

"Bila shaka. Mbwambo humfuta mtu vyote vilivyomo ndani, akaanza upya."

"Heri yake," alisema shangazi.

Aliliacha geti wazi toka jioni ile. Chuo kilikuwa kimeshafunguliwa, lakini aliwapigia simu mwenyewe, akawaambia binti alikuwa na kifua na sasa amepona, wakakubali nichelewe. Kilichonisumbua ni kumwacha. Nani atamkumbusha, nani atahakikisha hakikati tena kidonge kwa ajili ya kilio cha mtu mwingine? Basi nikachukua ile simu yake ndogo, nikaingia mahali ambapo hakuwahi kuingia, nikatega ilie kila asubuhi na kila jioni, na pale pa kuandika neno la kukumbusha nikaandika jina langu. Nimetengeneza vitu vingi tangu hapo, vya bei kubwa, na sijatengeneza kinachofikia hicho.

Asubuhi ya safari begi langu lilikuwa mlangoni. Simu ikalia mezani, ikitetemeka mpaka ukingoni. Shangazi akaivaa miwani yake ya cherehani, akasoma kioo, akasema, "Namkunda ananiita." Akatoa kidonge kizima, akakiweka mdomoni, akanywa maji, kisha akanigeukia na kupanua kinywa chake chote, ulimi nje, nione mwenyewe kwamba kimeshuka.